Chaki ya Janssens na mshahara wa askari
(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Jambo yenu, wandugu. Mada mliyonipa ni ndefu: usalama, mataifa makubwa, nchi zilizotawaliwa. Wengi wenu mmeshanisikia nikiisema na mnajua naanzia wapi. Naanzia ubaoni.

Tarehe 5 Julai 1960, uhuru una siku tano. Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji, mkuu wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, anawakusanya askari kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, anashika chaki, anaandika kwa Kifaransa: kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Jeshi lile lilikuwa na askari wapata elfu 25 na maofisa wa Kibelgiji elfu moja hivi. Ofisa Mkongomani? Hakuna hata mmoja. Sasa jiwekeni pale. Wewe ulipigana na Waitaliano Saio, kule Abisinia, Ethiopia ya leo, mwaka 1941. Miaka 19 imepita, bado u sajini. Jana umemwona karani uliyekuwa ukimlinda ofisini ameitwa waziri, anapita kwa gari. Leo mzungu anakuandikia ubaoni kwamba wewe, peke yako katika Kongo nzima, hukupata uhuru.

Usiku ule kambi ya jeshi ya Thysville ilikataa amri. Tarehe 9 moto ulifika hapa kwetu, Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Élisabethville. Tarehe 10 askari wa Ubelgiji walishuka, wakasema wamekuja kuokoa raia wao. Tarehe 11 Moïse Tshombe, mkuu wa jimbo letu la Katanga, akatangaza kwamba Katanga ni nchi. Kutoka chaki hadi Kongo kukatika: siku sita! Nimefundisha historia maisha yangu yote na kila nikizihesabu siku zile mwili unanisisimka.

Kwa kawaida watu huanza habari hii tarehe 11. Wanasema kampuni ya madini ya Union Minière, shaba, Brussels. Ni kweli. Kampuni ile ililipa kodi zake kwa Tshombe badala ya Léopoldville, na kodi hizo ndizo zilizolisha mamluki. Lakini Mbelgiji alipotaka kurudi, sababu aliikuta tayari, mikononi mwa askari aliyedharauliwa.

Namwona kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: "Mwalimu anawasafisha wazungu." Hapana, mwanangu. Mimi nimesimama Shilatembo, pale kwenye miti, walipopigwa risasi Lumumba na wenzake Mpolo na Okito usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Wabelgiji wakiwa wamesimama hapo hapo. Mwaka 2001 tume ya bunge lao wenyewe ilisema baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba jukumu la kimaadili. Juni 2022 wakaturudishia jino. Jino moja, ndani ya sanduku, ndilo lililobaki la waziri mkuu wetu wa kwanza. Siwasafishi. Ninachokataa ni kuimba jina la mwizi miaka 65 bila kuuliza nani aliacha komeo wazi, na kwa nini komeo liko wazi hadi leo.

Maana baada ya Janssens chaki tuliishika sisi wenyewe. Wazee mnakumbuka Januari 1993, noti ya zaire milioni tano. Askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti ile. Walipoipeleka sokoni, wafanyabiashara wakaikataa. Mtu amesubiri mshahara wake, ameupokea, mkewe amefika kwenye meza ya unga, mwenye unga ametazama karatasi na kusema hii hapana. Wakachukua bunduki, wakapora mji. Waliokufa ni wengi, na balozi wa Ufaransa alikuwa mmoja wao. Nani akaja tena? Askari wa kigeni, kuokoa raia wao. Maneno yale yale ya tarehe 10 Julai.

Mwaka jana nilikuwa nateremka kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwenye kizuizi askari mmoja aliinama dirishani, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, ni mimi." Nilimfundisha. Kiatu chake cha kushoto kilifungwa kwa waya wa umeme, kile cha kulia kilikuwa na kamba. Akaniomba pesa ya bukari, yaani ugali, na alipoomba hakunitazama, alitazama tairi. Nikamuuliza kuhusu mshahara. Akasema unakuja, lakini kabla haujamfikia kuna mkono wa mkubwa wake unaopita kwanza. Kikosi chake sikitaji, maana yeye bado yumo. Siku ile nilirudi nyumbani na sikula.

Mtu huyo ndiye tunayemwambia azuie jeshi la Rwanda. Januari 2025, mji wa Goma kule mashariki ulipotekwa na waasi wa M23 pamoja na Warwanda walio nyuma yao, mamluki Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wameajiriwa upande wetu walijisalimisha, wakavushwa mpaka, wakapitia Rwanda hiyo hiyo kwenda kwao. Mkataba ulioonwa na waandishi wa habari ulitaja dola 5,000 kwa mwezi kwa anayeanza. Askari wetu alikuwa anapata kama 100. Msiniambie serikali haina pesa! Pesa ya kumlipa mgeni ilipatikana. Machi, mji wa Bukavu nao umekwisha kutekwa, ndipo ikatoka amri ya kuongeza mshahara wa askari na polisi mara mbili. Nimeifurahia. Lakini mara mbili ya 100 ni 200, na ule mkono wa mkubwa bado uko njiani.

Nilitaka kusema mengi juu ya Kolwezi 1978, jinsi watu waliowahi kuwa jandarma, askari wa Tshombe, walivyorudi kutoka Angola na Rais Mobutu akaokolewa na Wafaransa na Wabelgiji. Hilo mnalijua. Kuna Wachina na mkataba wa madini wa 2008, kuna reli ya Lobito ya kwenda bandarini Angola, kuna karatasi za amani na Rwanda zilizotiwa saini Washington Juni na Desemba 2025. Anayetuandalia mada anitafutie siku nyingine, maana mwenyekiti ananionyesha saa.

Ila kabla ya maswali yenu, nina langu. Wenye mume, mtoto au ndugu jeshini, inueni mikono. Inueni, msiogope. Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Mama Kiongozi, wewe hapo mbele mwenye kitambaa cha buluu, anza wewe: mwezi uliopita ilimfikia faranga ngapi mkononi?