Sentensi Moja Katika Mpango wa Mtoto

Asanteni sana, wazazi na walezi, na poleni mliokosa viti.

Nianze na sentensi moja: "Mtoto ataboresha stadi zake za mawasiliano." Nimeiandika mimi, kwa mkono huu, kwenye mipango binafsi ya elimu ya watoto wengi mno. Nimefundisha elimu maalumu miaka mingi, na kwa muda mrefu sikuiona kasoro yake. Inasomeka vizuri, mkuu wa shule anaridhika, mzazi anatia sahihi, tunaagana.

Siku moja tuliketi kikao cha mtoto wa miaka 7 asiyeongea. Upande wetu tulikuwa watano: mimi, mwalimu wa darasa, mwanasaikolojia, mtaalamu wa matamshi na mkuu wa shule. Upande wa pili alikaa bibi yake, peke yake, mkoba mapajani. Nikamsomea lengo, sentensi ile ile. Akaniuliza, "Mwalimu, hilo likishatimia tutalijuaje?" Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema.

Mpango binafsi wa elimu unatakiwa useme mtoto yuko wapi sasa, afike wapi, na shule itafanya nini ili afike. Si hisani ya mwalimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia elimu katika ibara ya 24, na unataka kila mwanafunzi apate usaidizi unaomfaa yeye. Marekani iliuweka mpango huu kwenye sheria tangu 1975. Leo sheria yao inadai malengo yanayopimika, mpango upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na mtoto kwa kawaida atathminiwe upya kila miaka 3. Kila nchi ina utaratibu wake. Ulizeni wa kwenu, tena kwa maandishi, maana ombi la mdomo husahaulika kabla hujafika getini.

Turudi kwa bibi. Alifungua mkoba akatoa daftari, ameandika kwa penseli: "Jumanne. Kanivuta mkono mpaka kwenye maji. Alhamisi. Kalia sana, kumbe anataka taa izimwe. Jumamosi. Kaonyesha kikombe kwa kidole." Ripoti yetu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na hakuna hata mmoja uliotaja kidole. Tuliandika kwamba mtoto haombi kitu. Kumbe anaomba, ila haombi kwetu.

Basi tukaandika upya, bibi akiwa ameshika penseli yake: "Kufikia mwisho wa muhula wa pili, akitaka maji au chakula, atagusa picha ya kitu hicho mwenyewe, bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5. Mwalimu wa darasa atahesabu kila Ijumaa." Hapo kuna tendo ambalo hata jirani akipita ataliona. Kuna kiasi, kuna muda, na kuna mtu wa kuulizwa. Huyo mtu wa kuulizwa ndiye shule humkwepa zaidi, na nasema hivyo kama mtu aliyemkwepa. Ukisoma "shule itamsaidia", uliza nani, siku gani, dakika ngapi. Usipouliza, hakuna atakayemsaidia.

Jina la hali ya mtoto, iwe usonji (autism) au ugumu wa kusoma, hufungua milango ya huduma, kwa hiyo msilidharau. Ila jina halitungi malengo. Watoto wawili wenye usonji wanaweza kuhitaji mipango isiyofanana hata kidogo.

Kwenye kikao nendeni wawili mkiweza, mmoja asikilize, mwingine aandike. Neno likikupita, simamisha kikao lielezwe. Sisi wataalamu tuna maradhi ya maneno marefu. Msikubali malengo ishirini pia. Matatu au manne yanatosha, mengine hubaki mapambo ya karatasi. Na kabla ya kutia sahihi, omba uende na nakala nyumbani ukaisome mahali ambapo watu watano hawakutazami.

Muhula wa pili ulipokwisha, bibi alirudi na daftari jingine. Kwenye maji mtoto alikuwa amefika, 4 kati ya 5, na ile picha ilikuwa imechakaa kona moja kwa kuguswa. Kwenye chakula alikuwa amekwama kwenye 2. Zamani ningeandika "anaendelea vizuri" nikafunga faili. Safari hii tulikuwa na namba, ikabidi tutafute sababu. Picha yetu ya chakula ilikuwa mchoro wa sahani nyeupe, na bibi akasema kwake hakuna sahani ya namna hiyo. Mjukuu wake hula chakula kwenye bakuli la bluu. Tukakubaliana tupige picha bakuli lenyewe. Akalileta kesho yake, ndani ya mkoba ule ule, limefungwa kwenye gazeti.