Hesabu ya Maji ya Mvua Yanayopaswa Kubaki Kiwanjani

Ndugu wahandisi, wasanifu majengo na wanafunzi,

Hapa Mbeya mvua huanza Novemba na kutulia Aprili au Mei, na aliyewahi kupita Mwanjelwa mvua ikiwa imekolea anajua jinsi maji ya mabati yanavyokimbilia barabarani. Mfumo wa LEED wa Marekani, unaopima majengo yanayojali mazingira, hauridhiki na mtaro mzuri unaoyapeleka kwa jirani. Unataka kujua ni kiasi gani kimezuiwa ndani ya kiwanja.

Chukueni kumbukumbu za mvua za kila siku kwa miaka isiyopungua 10, ondoeni siku za manyunyu yasiyofikia milimita 2.5, kisha tafuteni kina ambacho siku 95 katika kila 100 zilizobaki hazikukizidi. Leo tuchukulie ni milimita 30, namba ya kufundishia tu.

Kiwanja kina mita za mraba 2,000: paa 800, maegesho ya zege 500 na nyasi 700. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukizidisha paa kwa 0.9, zege kwa 0.85 na nyasi kwa 0.2, yaani sehemu ya mvua isiyozama bali inayotiririka, kisha jumla kwa milimita 30, tunapata lita 38,550 zinazotiririka. Kingekuwa nyasi tupu, zingetiririka lita 12,000. Tofauti ya lita 26,550 ndiyo deni la jengo.

Hiyo 0.2 ya nyasi ina udanganyifu wake. Mahali ambapo malori ya kokoto yameegeshwa mwaka mzima, jembe hudunda, na nyasi zilizopandwa juu yake wiki ya makabidhiano hazigeuzi udongo huo kuwa sifongo.

Wengi hulipa deni hilo kwa matanki, na hapo ndipo ninapogombana na michoro mingi. Watu 60 wakivuta maji ya choo mara tatu kwa siku, lita sita kila mara, hutumia lita 1,080. Tanki lililojaa lita hizo 26,550 litachukua zaidi ya siku 24 kuisha, ilhali mvua ya Machi hurudi kesho yake na kulikuta bado limejaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji haina budi kuzama ardhini, na kasi ya kuzama haipatikani mezani: chimbeni shimo, lijazeni mpaka udongo ushibe, lijazeni tena, kisha simameni na rula na saa mkihesabu maji yanavyoshuka.