Mpya, lakini imedoda

REHEMA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na mwenzangu Idi, na leo tunaongelea pikipiki zilizododa. Simaanishi mtumba, wala iliyogongwa ikapigwa rangi. Ni mpya kabisa, haijawahi kupata mwenyewe, ila imekaa dukani mpaka toleo jipya limekuja likaikuta.

IDI: Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: ni mpya, bei imeshushwa, sasa ubaya uko wapi? Nami hujibu kwamba ubaya si lazima uwepo, lakini ujue kwanza lile punguzo linatoka wapi.

REHEMA: Linatoka wapi?

IDI: Linatoka kwenye siku. Wengi tunadhani duka limenunua mzigo wake kwa pesa taslimu. Mara nyingi sivyo. Mkopeshaji ndiye aliyelipia, na duka linalipa riba mpaka pikipiki itoke. Na mikataba mingi ina kifungu kwamba muda fulani ukipita bila kuuzwa, mkopeshaji anaanza kudai na sehemu ya deni lenyewe. Kwa hiyo ile pikipiki ya kona, yenye vumbi kwenye tangi, inamla muuzaji hata akiwa amelala.

REHEMA: Ndiyo maana kwenye ile ya mbele, iliyong'arishwa, hapunguzi kitu.

IDI: Hapunguzi, kwa sababu ile ataiuza tu. Ya kona faida yake ilishaliwa, na anachotaka ni kuitoa apate nafasi. Kwa hiyo kabla hujasema "mwisho ngapi," uliza imekaa hapa tangu lini. Umri wake ndio unaokupa nguvu ya kupatana. Na umri huohuo ndio unaoweza kukuumiza.

REHEMA: Tuanze na nguvu. Muuzaji anaweza kusema imeingia juzi. Nitajuaje?

IDI: Pikipiki yenyewe itasema. Inama uangalie shingo ya usukani, pale chasisi inaposhika shokapu za mbele. Kwa kawaida namba ya chasisi imepigwa hapo. Tangu mwaka 1981 utaratibu wake ni tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki, kwa sababu mtu angezichanganya na 1 na 0. Kwa pikipiki zinazotengenezwa kwa soko la Marekani, nafasi ya 10 inataja mwaka wa toleo. L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025.

REHEMA: Umeruka O na Q hapo katikati.

IDI: Kwa sababu hizohizo nilizosema. Sasa, masoko mengine hayalazimishi mwaka uwekwe kwenye nafasi ya 10, kwa hiyo usisimamie herufi hiyo peke yake. Tafuta kibati au stika ya kiwanda kwenye chasisi. Nyingi zimeandikwa tarehe ya kutengenezwa.

REHEMA: Na matairi. Hapo mimi ndipo ninapoanzia siku zote. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT na mlolongo wake, kuna kiduara kimebanwa chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2321, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpangilio huu wa tarakimu nne umeanza mwaka 2000. Pikipiki ikiwa bado na matairi iliyokuja nayo, basi hapo una cheti chake cha kuzaliwa. Mtu hawezi kukuambia imetengenezwa mwaka huu wakati imevaa viatu vya miaka mitatu nyuma.

IDI: Simulia ile yako, dada. Naona inafaa hapa.

REHEMA: Ya kwangu niliipata hivyohivyo, kwenye kona. Nilikwenda na mjomba wangu, fundi wa siku nyingi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye rangi. Mjomba hakuangalia rangi hata kidogo. Alipiga magoti, akatoa tochi, akaanza kutazama vichwa vya bolti. Moja moja, kimya. Akaniita: "Njoo uone hii." Bolti mbili za mkono wa klachi zilikuwa zimekwaruzwa, rangi nyeusi imetoka kwenye kona, chuma cheupe kinaonekana. Bolti nyingine zote zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani.

IDI: Maana yake mtu amezifungua.

REHEMA: Mtu amezifungua. Mjomba akashika mkono wa klachi na wa breki kwa pamoja, akalinganisha. Havikufanana. Wa breki ulikuwa na mng'ao, wa klachi ulikuwa hafifu, mwepesi, si wa kiwanda kile. Watu wa duka walikuwa wamenyofoa ule halisi wakamfungia mteja aliyekuwa anasubiri kipuri, kisha wakabandika wowote uliopatikana. Tukafungua kiti: vifaa vya kufungulia havipo. Tukaomba ufunguo wa pili: hakuna anayejua uliko.

IDI: Na hilo hutokea sana kwenye pikipiki iliyododa, kwa sababu kila mtu dukani anaiona kama stoo ya vipuri. Leo wanachukua kioo, kesho fyuzi, keshokutwa kifuniko cha ubavuni. Nia yao ni kurudisha, halafu wanasahau.

REHEMA: Na kinachoniuma ni kwamba bila mjomba nisingeona. Ningelipia pikipiki nzima nikapewa pungufu. Ndiyo maana nasema kila nikipata nafasi: usiende peke yako. Mpeleke fundi unayemwamini, na mlipe siku yake.

IDI: Haya, tuje kwenye upande unaoumiza, vitu vinavyozeeka vikiwa vimesimama. Wengi wanahofia injini. Injini iliyokaa ndani, pakavu, kwa mwaka mmoja au miwili, haina tatizo kubwa. Kinachokufa kwanza ni betri.

REHEMA: Hata kama haijatumika?

IDI: Hasa kwa sababu haijatumika. Betri ya risasi na asidi hujimaliza yenyewe polepole, na pikipiki za siku hizi zina saa na kompyuta ndogo zinazonyonya chaji hata swichi ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6 mpaka 12.8. Ikishuka chini ya 12.4 ikaachwa hivyo, fuwele ngumu zinaganda kwenye bamba za risasi, na zikishaganda, kuchaji hakuzirudishi zote. Muuzaji ataichaji asubuhi unayokuja, itawaka vizuri, utafurahi. Wiki ya pili unabonyeza swichi unasikia "tk tk tk."

REHEMA: Ilinitokea hiyo. Bolti tuliziona, betri hatukuipima.

IDI: Kwa hiyo nenda na mita ya volti, au omba kabisa betri mpya iwe sehemu ya makubaliano. Kwa duka ni kitu kidogo kuliko kukukatia bei tena. Pili, mafuta ya breki. Yale ya aina ya DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu kutoka hewani, na watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, pikipiki itembee isitembee. Pikipiki ya miaka miwili dukani imeshafikia zamu hiyo.

REHEMA: Petroli nayo.

IDI: Petroli nayo, na hasa kama ni ya kabureta. Petroli iliyoachwa miezi inaacha gundi, na jeti ya mwendo wa chini, yaani kijibomba kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, ina kitundu kidogo mno, kinaziba. Dalili yake ni pikipiki inayowaka kwa choki tu, ukiirudisha inazima. Yenye mfumo wa sindano, unaonyunyizia petroli bila kabureta, inavumilia zaidi, lakini fungua kifuniko cha tangi, mulika ndani. Ukiona rangi ya kahawia kwenye kuta za tangi, hiyo ni kutu, na kutu ya tangi itakwenda mpaka kwenye pampu.

REHEMA: Mimi naongeza mabomba ya shokapu za mbele. Pitisha ukucha juu ya ile sehemu inayong'aa. Ukucha ukikwama hata kidogo, kuna kutu imeanza kula, na ule mkwaruzo utachana sili, ile mpira inayozuia mafuta, na mafuta yatavuja. Na matairi yenyewe: pikipiki iliyosimama sehemu moja na upepo mdogo, tairi linapata bapa.

IDI: Sasa kuna jambo moja ambalo naona ni kubwa kuliko yote haya, nalo halionekani kwa tochi. Kwa nini ilidoda? Kuna iliyododa kwa sababu ya rangi isiyopendwa, hiyo chukua haraka. Kuna iliyododa kwa sababu toleo jipya limeongezewa kitu cha maana. Ulaya, kwa mfano, breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisikwame ukifunga breki ghafla, zilikuwa lazima kwa karibu pikipiki mpya zote zenye injini inayozidi cc 125 kuanzia 2017. Mtu aliyekuwa ananunua mzigo uliobaki wa kabla ya hapo alipaswa kujiuliza kama punguzo lile linastahili kukosa ABS.

REHEMA: Mimi ningesema halistahili. Kwa barabara ya mvua, ABS siibadilishi na punguzo.

IDI: Nakubaliana nawe. Halafu kuna iliyododa kwa sababu sheria inaifungia mlango. Tarehe 29 Machi 2017, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili vyombo vya moto vya kiwango cha zamani cha moshi, BS3, visiuzwe wala kusajiliwa. Madukani na viwandani kulikuwa na pikipiki na skuta zaidi ya laki sita. Zilibaki siku mbili!

REHEMA: Siku mbili tu?

IDI: Siku mbili. Makampuni yakashusha bei kwa namna ambayo haijazoeleka, watu wakajazana madukani. Aliyenunua kabla ya usiku wa tarehe 31 akiwa na risiti, aliruhusiwa kusajili. Aliyechelewa, basi. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi, ulizia mamlaka ya usajili ya kwako, siyo muuzaji, kama toleo hilo bado linasajiliwa.

REHEMA: Na Ulaya imetokea kitu kinachofanana juzijuzi.

IDI: Kiwango cha moshi cha Euro 5+ kilianza kuzibana pikipiki zote mpya tarehe 1 Januari 2025. Maduka mengi yakakimbilia kusajili mzigo wao mwishoni mwa 2024 ili usifungiwe. Sasa angalia: pikipiki haijatembea, ina nailoni kwenye kiti, lakini kwenye karatasi mmiliki wa kwanza ni duka. Wewe unakuwa wa pili. Na waranti inaweza kuwa ilianza kuhesabika siku ile ya usajili.

REHEMA: Hapo ndipo watu wanapoteza bila kujua. Unadhani umepata miaka miwili ya waranti, kumbe imebaki miezi michache.

IDI: Kwa hiyo uliza maneno haya hasa: waranti inaanza tarehe gani? Wakuandikie kwenye karatasi yenye muhuri. Na chukua namba ya chasisi uipeleke kwa kampuni iliyotengeneza, uulize kama kuna hitilafu ambayo pikipiki za aina hiyo ziliitwa kurekebishwa. Iliyolala dukani inaweza kuwa imepitwa na wito huo.

REHEMA: Tumalizie na bei, kaka. Punguzo zuri ni lipi?

IDI: Usilipime kwa bei iliyoandikwa siku ilipoingia, hiyo imeshakufa. Tafuta vitu viwili: toleo jipya linauzwa kweli kwa kiasi gani baada ya watu kupatana, na iliyotumika ya mwaka uleule, yenye kilomita chache, inauzwaje. Ya kwako ikae kati ya hizo mbili, karibu zaidi na ile iliyotumika. Kwa sababu siku utakapoiuza, mnunuzi atahesabu mwaka wa kutengenezwa. Hatajali kwamba miwili ya kwanza ilikaa chini ya taa za duka.

REHEMA: Ila mtu anayekaa na pikipiki miaka kumi, hilo halimgusi sana.

IDI: Halimgusi. Huyo ndiye anayefaidi kuliko wote. Na kwenye kupatana, nenda siku za mwisho wa mwezi, au msimu ambao watu hawanunui. Usikubali kuongea malipo ya mwezi kabla ya bei nzima. Uliza jumla mpaka naondoka nayo: usafirishaji, kuiunganisha, usajili, kila kitu. Kuna duka linakupunguzia kwenye bei halafu linarudisha yote kwenye "gharama za maandalizi."

REHEMA: Mimi niliandika kwenye karatasi moja: mkono wa klachi halisi, ufunguo wa pili, vifaa, mafuta mapya ya injini na ya breki. Meneja akasaini. Betri nikaisahau, nimeshasema.

IDI: Na siku ya kuichukua?

REHEMA: Nenda asubuhi mapema, kabla hawajaiwasha. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa baridi, washa mwenyewe, uiache inguruma dakika kumi bila kuvuta mkono wa mafuta, fundi wako akiwa amechuchumaa pembeni anasikiliza. Mjomba alisikiliza zote kumi. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akanikabidhi helmeti.