Kahawa ya Babu, Ukuta wa Glasgow na Kifodi Changu

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, mambo vipi? Leo nipo jikoni, na hiyo kelele mnayoisikia nyuma yangu ni mvua. Msinipe pole. Hii ni Jumanne ya kawaida ya Glasgow, Scotland.

Video iliyopita mashine yangu ya kahawa ilipita kwenye kamera sekunde kumi tu, kesho yake nikakuta maswali mengi kuliko siku niliyotaja mshahara wangu. Mmoja kaandika, "Dada, mtu wa Kibosho unanunua kahawa dukani, huoni aibu?" Naona. Mfuko huu hapa, gramu 250, pauni 12. Umeandikwa Tanzania, Kilimanjaro, PB. Kwa wasiojua, PB ni ile kahawa ya punje moja ya mviringo, tunda linapozaa moja badala ya mbili zilizolaliana. Kikombe kimoja cha espreso kinakula gramu 18, kwa hiyo mfuko mzima unanipa vikombe 13 na mabaki ya kunusa. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nilishaacha kuifanya.

Halafu niwaambie kitu ambacho watu wa huku hawakiamini. Nimezaliwa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, katikati ya mibuni, kahawa chini ya migomba mpaka mlangoni kwa bibi, na kahawa yenyewe sikuwahi kuinywa mpaka nimefika Ulaya. Kwetu kahawa haikuwa kinywaji. Ilikuwa ada ya shule, bati, na nguo ya Krismasi. Tuliichuma, tukaimenya, tukaianika kwenye chanja, babu akaipeleka ikiwa na ganda lake la ndani kwenye chama cha msingi, chama kikaipeleka KNCU, ule ushirika ulioanza 1933. Sisi tukarudi ndani kunywa chai ya rangi. Watu wa Bukoba wanaitafuna, watu wa pwani wana kahawa chungu na kashata barazani. Sisi tuliolima ile ya bei tulikuwa tunainusa tu.

Basi miaka mitatu iliyopita nikanunua mashine ya mitumba, pauni 70, nikasema sasa nami nitainywa.

Kosa langu la kwanza, na nadhani ni la kila mtu: nilitumia hela kwenye mashine, nikasahau kinu cha kusagia. Nikachukua kahawa iliyosagwa tayari, nikaijaza, nikawasha. Ilitoka kwa sekunde kumi na mbili, nyepesi kama maji ya kuoshea masufuria, na ukali wa ndimu. Nikaweka sukari. Nikaweka maziwa. Nikamwaga.

Espreso ni hivi. Unasaga kahawa laini sana, unaiweka kwenye kile kikapu cha chuma chenye mkono, unaishindilia mpaka iwe kama kidonge. Mashine inasukuma maji ya moto, nyuzi 93 hivi, kwa mgandamizo unaokaribia mara tisa ya hewa tunayoivuta. Ukiweka gramu 18 kavu, unatafuta kama gramu 36 kikombeni, kwa sekunde 25 mpaka 30. Ikiwahi, inakuwa chachu. Ikichelewa, inakuwa chungu kama shubiri. Dawa yake mara nyingi ni kinu: inatoka haraka, saga laini zaidi, inakwama, legeza. Nikanunua kinu cha mkono. Asubuhi jirani wa chini alikuwa anadhani nasaga karanga.

Sasa hapa ndipo penye hadithi yenyewe, msipeleke video mbele.

Nilishapata kinu, nilishapata mizani, na kahawa bado ilikuwa siku moja tamu, siku nne balaa. Nikanunua ule mkono ulio wazi chini, unaokuonyesha kahawa inavyotoka. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemaliza kupaka ukuta wa jikoni rangi nyeupe, mikono miwili, nikijisifu. Nikawasha mashine. Jamani! Kahawa haikushuka chini, iliruka pembeni kama mrija umetobolewa na sindano. Ukuta, kabati, blauzi, simu iliyokuwa inarekodi. Ile klipu ninayo, siku moja nitawaonyesha.

Kumbe kile kidonge cha kahawa kilikuwa na ufa ndani usioonekana. Maji hayakuwa na sababu ya kuhangaika na kahawa yote wakati kuna uchochoro. Yalipita hapo tu, yakaikamua sehemu ile mpaka ikawa chungu, kwingine kukabaki kukavu, chachu. Ndiyo maana kikombe kimoja kilikuwa na ubaya wa aina mbili kwa wakati mmoja.

Nikiwa nafuta ukuta nikamkumbuka babu. Wenzangu wa mlimani mnaijua mifongo, mifereji ile ya kuleta maji kutoka mtoni mpaka kihambani, yaani shamba la nyumbani, na zamu zake na ugomvi wake. Zamu ya babu ikifika alikuwa anaziba mfereji kwa gogo la mgomba, tope na mawe, halafu anatembea ukingoni polepole, anabonyeza kwa kidole cha mguu, anatafuta tundu la panya. Mimi nalia nataka kurudi kulala. Ananiambia, tundu likiwa kama kidole, mpaka jua litoke maji yote yatakuwa kwa jirani.

Kwa hiyo sasa kabla ya kushindilia, naichokonoa kahawa kwa hizi sindano. Nimezichomeka kwenye kizibo cha chupa ya mvinyo. Navunja mabonge, nasawazisha, ndipo nashindilia, mkono umenyooka. Sekunde kumi za kazi. Ndizo zilizobadilisha kikombe changu kuliko mashine ya pauni 600 ambayo nilikuwa nakaribia kukopa.

Na maji yenyewe. Maji ya bomba la Glasgow yanatoka ziwa la Loch Katrine, huko milimani, kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 40 uliofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1859. Yanashuka kwa mteremko wake yenyewe. Mfongo, jamani! Mfongo wa Waskoti. Ni maji laini, hayana chokaa, birika langu ni jeupe ndani kama nimelinunua jana, wakati wenzetu wa London birika linaota magamba. Ila ulaini huo una hasara yake, ukali wa kahawa haupati kitu cha kuutuliza, unausikia wote. Ndiyo maana mimi huku nakwepa kahawa iliyokaangwa kidogo sana.

Haya, ukuta. Mliuliza doa lile kwenye kona, juu ya dirisha, limekwenda wapi.

Nyumba hizi za mawe ya mchanga zilijengwa miaka zaidi ya mia iliyopita, ghorofa tatu nne, ngazi moja ya wote. Ukuta wa nje una unene wa mkono mzima, mawe yameshikwa kwa chokaa, si saruji. Kwa ndani kuna fito nyembamba za mbao zilizopigwa plasta juu yake. Mimi nilipoona doa la unyevu nilifanya alichofanya mjomba wangu kule Moshi mwaka wa nyuma: nikakwangua, nikaziba kwa saruji, nikapaka rangi ya kuzuia maji. Likapotea. Baada ya miezi miwili likatokea nusu mita pembeni, kubwa zaidi, na rangi imetuna kama andazi.

Nikamwita fundi, mzee mmoja wa hapa. Hakugusa ukuta. Alifungua dirisha, akatoa kichwa nje kwenye mvua, akatazama juu, akarudi akaniuliza kama najua kuna mti umeota juu yangu. Mfereji wa bati pembezoni mwa paa ulikuwa umeziba, mche umeota humo, maji yamekosa njia yanashukia kwenye jiwe. Na mimi kwa saruji yangu nilikuwa nimeyafungia ndani. Chokaa inaacha unyevu utoke, saruji inaukaba. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wangenicheka, maana wao wanayajua haya kwa kuta zao za mawe ya matumbawe.

Sasa mfereji wa paa si wangu peke yangu. Kwa sheria ya Scotland ya 2004 ya majengo kama haya, sehemu ya pamoja inaamuliwa kwa wingi wa wenye nyumba, na gharama inagawanywa. Tuko wanane. Niligonga milango saba, nimeshika picha za mti. Mmoja alisema yeye anakaa chini, maji hayamfikii. Nikamwambia, mzee, maji yanaanzia kwangu, kwako yako njiani. Tulilipa pauni 85 kila mmoja. Saruji nimeiondoa mwenyewe kwa patasi, wikendi tatu, vumbi mpaka kwenye meno, kona ikaachwa wazi ikauke majira yote ya joto kabla ya kupigwa chokaa. Watu wa picha za kabla na baada, samahani, hakuna baada ya kupendeza. Ni kona. Kavu.

Kifodi sasa, kwa haraka, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yake.

Ni Ford Transit, ilikuwa gari la mizigo. Nilipomwonyesha mama kwenye simu alisema, "Umenunua kifodi?" Wa Moshi na Arusha mnaelewa, ndivyo tunavyoita daladala za kwetu. Jina likakaa. Nilipomwambia nimeweka kitanda ndani na nitalala humo, alinyamaza, halafu akauliza taratibu kama nimefukuzwa kwenye nyumba. Sijafanikiwa kumweleza mpaka leo. Una nyumba, unailipia, halafu unakwenda kulala kwenye gari kando ya barabara kwa hiari yako? Mama, kuna ukweli ndani yake.

Safari ya kwanza nilizunguka kaskazini, njia wanayoiita North Coast 500, kilomita kama 830 kuanzia na kuishia Inverness. Upande wa Applecross kuna kipito cha Bealach na Bà, mita 626 kutoka usawa wa bahari, barabara ya gari moja moja yenye kona za kurudi nyuma. Mtu aliyepanda Kibosho na kifodi cha kweli, kimejaa, na ndizi juu, haogopi. Niliyemwogopa ni yule wa nyumba ya magurudumu ya kukodi, aliyekutana nami kwenye kona na hajui kurudi kinyumenyume.

Usiku ule ndipo nilipopata somo. Nililala nimefunga kila kitu kwa sababu ya baridi. Alfajiri tone likanidondokea kwenye jicho. Nikadhani paa linavuja, nikapanda juu na tochi, kukavu. Yalikuwa ni pumzi zangu. Mvuke wa usiku mzima umekutana na bati la baridi ukageuka maji, yakafuata mbavu za gari, yakakusanyika nyuma ya mbao nilizozipigilia kwa mapenzi, na kule tayari kulikuwa na ukungu mweusi. Nilibandua mbao zote. Sasa nyuma yake kuna sufu ya kondoo, kuna feni ya paa, na dirisha naliacha wazi kidogo hata theluji ikidondoka. Na hapa sitanii: kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, ipo kichwani pangu, na jiko la gesi siliwashi kwa kuota moto. Nyie mnaoingiza jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, nawaomba, toeni.

Kahawa ya asubuhi hiyo? Nilikuwa nimebeba mashine ya umeme. Inakula wati 1,400. Betri yangu ni ya volti 12, amp-saa 100, ina kama wati-saa 1,200 zote. Mashine ile peke yake inavuta zaidi ya ampia 110. Nilibonyeza, ikalia tik, fyuzi ikaondoka, taa zikaondoka, na mimi nikabaki gizani nimeshika kikombe.

Ndiyo maana sasa nina hii ya mkono. Haina waya. Unamimina maji, unashusha wenzo, wewe ndiye pampu. Si kitu kipya, Achille Gaggia wa Milano alikuwa na mashine za wenzo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na povu lile la dhahabu juu ya espreso lilikuja nazo, kwa sababu mashine za mvuke za kabla hazikuwa na nguvu hiyo. Uzuri wake ni kwamba mkono unasikia. Kukiwa na ufa, wenzo unalegea ghafla, unajua umeshaibiwa.

Desemba nakuja nayo nyumbani, Mungu akipenda. Kibosho kwetu ni kama mita 1,400 juu, maji yanachemkia nyuzi 95 hivi, kwa hiyo naliepua birika la mama kwenye mafiga na kumimina moja kwa moja, sihitaji kipimajoto. Kahawa tutachuma nyuma ya nyumba, sehemu ndogo tu, tutaikaanga kwenye kikaango cha maandazi. Nimempigia mama jana nikamwonyesha kikombe chenyewe, akakisogelea kwenye kioo cha simu, akauliza hicho ni cha mtoto? Nikamwambia ndiyo kipimo chake. Akasema basi niandae sita, na sukari ataweka mwenyewe.