Mtungi Uliojazwa Mara Moja

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitalirudia leo: miradi yetu ya nishati safi ya kupikia inahesabu mitungi, haihesabu moshi.

Shangazi yangu alipata mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa bei ya ruzuku ya serikali. Gesi ilipokwisha aliufuta vumbi, akaufunika kitambaa, akauweka chumbani kando ya kabati, kisha akarudi kwenye mafiga matatu. Wakala wa gesi yuko mjini, bodaboda inataka nauli ya kwenda na kurudi, na fedha ya kujaza hutakiwa yote kwa mkupuo, ilhali kuni huziokota mwenyewe na mkaa huuzwa kwa kopo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo. Katika daftari la mradi, shangazi ni kaya iliyokwisha kufikiwa. Jikoni kwake, maharage yanachemka kwa muda wa saa tatu na macho yanamchuruzika machozi.

Atatokea wa kuniambia kwamba wanawake wa vijijini wanapenda chakula chenye harufu ya moshi. Hoja hiyo naomba tuiache. Wiki zile alizokuwa na gesi, shangazi alichemsha chai ya alfajiri kwa gesi, na kuni hakuzigusa mpaka mtungi ulipokauka.

India ilikwisha kutufundisha. Mpango wa Ujjwala, ulioanza mwaka 2016, uliziunganishia gesi kaya maskini milioni 80 kufikia Septemba 2019, lakini nyingi zilijaza mitungi mara chache mno kwa mwaka, hata mwaka 2022 serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa. Ruzuku ya kujaza ndiyo niipiganiayo hapa kwetu, pamoja na wakala anayefikika kwa miguu.

Malawi nitaigusa tu: majiko sanifu ya kuni yaliyogawiwa huko, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, hayakupunguza nimonia, pengine kwa kuwa moshi uliobaki ulikuwa bado mwingi mno kwa mapafu ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Nilikusudia kuzungumzia pia majiko ya shule na umeme wa kupikia, ila muda hauniruhusu. Mkakati wetu wa Taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na neno hilo “wanatumia” ndilo lililonileta mbele yenu. Naiomba wizara, na wafadhili waliomo ukumbini, waongeze safu moja katika daftari lao: mtungi huu ulijazwa lini mara ya mwisho?