Mfu Hajiziki: Mifupa na Vitu Vinavyosimulia Maisha ya Kale

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nitaanza na jino, maana hilo hunishangaza kila ninapolishika.

Mfupa haukomi kujijenga upya. Maisha yako yote mwili unaubomoa na kuujenga tena kidogo kidogo, kwa hiyo mfupa wa paja wa mtu mzima hubeba habari zilizochanganyika za miaka mingi ya maisha yake. Jino halifanyi hivyo. Lile tabaka gumu la nje huumbwa utotoni, na likishakamilika ndiyo basi. Maji uliyokunywa ukiwa na miaka minne na chakula kilichoota katika udongo wa huko vimeacha alama humo, kwa kuwa miamba ya kila eneo ina uwiano wake wa madini ya strontiamu. Mtoto akipatwa na njaa au maradhi makali, ujenzi huo husuasua, na jino hubaki na kimfereji chembamba. Ukipitisha ukucha, unakisikia. Mwenyewe alikwisha kufa maelfu ya miaka iliyopita, na wewe unapapasa msimu mmoja mbaya wa utoto wake.

Mwaka 2002, karibu na Stonehenge, ule mduara wa kale wa mawe makubwa kule Uingereza, lilifukuliwa kaburi la mwanamume aliyezikwa yapata miaka 4,300 iliyopita. Mlikuwa na vitu karibu 100: vyungu, vichwa vya mishale, visu vya shaba, mapambo mawili ya dhahabu. Ukivitazama hivyo tu, utasema huyu alikuwa mkubwa wa pale pale. Meno yakasema alikulia mbali, yaelekea upande wa milima ya Alps. Goti la kushoto nalo likaongeza lake: pia ya goti haikuwapo, na mfupa ulionyesha uambukizo wa muda mrefu. Basi tunaye mgeni tajiri, aliyekuwa akichechemea na kuumwa, akazikwa kwa heshima kubwa ugenini. Dhahabu peke yake isingetueleza maumivu yake, wala goti peke yake lisingetueleza heshima aliyopewa.

Lakini tuvisome vitu kwa tahadhari. Mfu hajiziki. Kila kilichomo kaburini kimewekwa na mkono wa aliye hai, kwa sababu zake. Kule Birka, Sweden, mwaka 1878 lilifukuliwa kaburi la enzi za Waviking, wale mabaharia na wapiganaji wa kale wa Skandinavia, lenye upanga, shoka, mikuki, mishale, farasi wawili na kete za mchezo. Kwa zaidi ya miaka 100 likahesabiwa kuwa kaburi la mwanamume mpiganaji. Nani angebisha, na upanga ule pale? Wataalamu waliochunguza mifupa walikuwa wameona dalili za mwanamke, na wengi hawakuzitilia maanani. Mwaka 2017 vipimo vya vinasaba vikathibitisha: mwanamke. Kama aliwahi kupigana, hilo vinasaba havisemi. Ila tujue kwamba silaha zile hazikuwa zimesema jinsia ya mtu. Sisi ndio tulioisema, kisha tukaziwekea silaha maneno mdomoni. Kosa hilo linaniuma, kwa sababu hata leo ni rahisi mno kulirudia.

Mfupa nao una namna yake ya kutaja watu wengine. Katika pango la Shanidar, kaskazini mwa Iraki, mwaka 1957 yalipatikana mabaki ya mwanamume wa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka. Upande wa kushoto wa uso alikuwa amepigwa pigo zito karibu na jicho. Mkono wa kulia ulikuwa umenyauka, sehemu ya chini haipo. Masikio yake yalikuwa na mifupa iliyoota ndani ya tundu, kwa hiyo huenda hakusikia vizuri. Na majeraha yale yalikuwa yamepona. Kingo za mfupa uliovunjika huviringika na kulainika pale tu mwenyewe anapoendelea kuishi, na huyu aliishi miaka mingi baadaye, akafika umri wa makamo, ambao kwa watu wa wakati wake ulikuwa mkubwa. Mtu wa namna hiyo hakujitafutia chakula peke yake. Hatuna chombo wala chakula cha kuthibitisha. Tuna mfupa uliopona, na mimi unanitosha kuamini kwamba wenzake hawakumwacha.

Nimalizie na Mtoto. Ndivyo watafiti walivyomwita, kwa Kiswahili chetu. Alipatikana katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, karibu mita tatu chini ya sakafu ya leo. Mifupa ya kwanza ilionekana mwaka 2013, nayo ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inageuka vumbi. Ikabidi mwaka 2017 wafunike bonge zima la udongo kwa plasta na kulitoa hivyo hivyo, likapelekwa Nairobi na baadaye Hispania, wakalichokoa taratibu maabarani. Alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Meno yalionyesha kwamba alifariki akiwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu.

Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mbavu zilibaki na mviringo wake, kumaanisha alifukiwa mara moja. Mfupa wa mtulinga na mbavu za juu ziligeuka kwa namna inayotokea mwili unapofungwa kwa kitu kama sanda. Kichwa na shingo viliinama kama vile kilichokuwa chini yake, laini, kilioza na kuacha nafasi. Ndiyo maana nawasihi sana wanaofukua kwa pupa wakitafuta hazina: angeng'olewa kwa sululu, tungepata meno machache na vumbi. Mto ule wa kulalia haupo tena. Tunajua tu kwamba ulikuwapo, kwa jinsi kichwa kilivyolala.