Hija Ilianza kwa Fundi Bati

MWANAHAWA: Assalam aleykum wasikilizaji. Mimi Mwanahawa, tuko Ngamiani, Tanga, barazani kama kawaida. Mkisikia vikombe vinagongana ni muuza kahawa anapita, na hatumfukuzi, maana tutamwita sasa hivi. Mwenzangu leo sijui nimwiteje. Sefu, au Alhaji?

SEFU: Waaleykum salaam. Niite Sefu tu. Alhaji waachie wenye ndevu zao.

MWANAHAWA: Haya. Wengi mmeomba Sefu asimulie alivyokwenda kuhiji na mama yake mwaka 2025. Tangu arudi nimemkataza asinihadithie pembeni, nataka nisikie pamoja nanyi. Tuanzie wapi, uwanja wa ndege?

SEFU: Tuanzie kwenye paa la nyumba yetu.

MWANAHAWA: Paa tena?

SEFU: Subiri. Mtu akinuia kuhiji, kwanza alipe madeni, kisha aombe radhi. Bi Mkubwa alichukua siku nne, mlango kwa mlango. Kwa muuza samaki, kwa fundi cherehani, kwa mashoga zake wa chama. "Nakwenda kuhiji, kama nimekukosea nisamehe." Na wote jibu moja: "Tushasameheana, utuombee." Mambo mepesi, chai juu. Mpaka tukafika kwa Bi Pili. Ameniruhusu nimtaje, nimemuuliza jana.

MWANAHAWA: Bi Pili wa ukuta mmoja na nyie?

SEFU: Huyo huyo. Miaka sita hawasemeshani. Kisa, maji ya paa. Tulipoezeka upya, mvua yote ya upande ule ikawa inamwagika uani kwake. Masika ikiingia, ana bwawa. Alikuja kusema mara ya kwanza, akaja ya pili, mama akamjibu maneno ambayo mimi siyarudii hapa. Salamu zikakatika.

MWANAHAWA: Na hiyo siku ya radhi?

SEFU: Mama kavaa baibui, kaingia, kakaa mkekani, kasema yake yote. Bi Pili kamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Nimekusamehe, bibi weye. Lakini maji yangali yanaingia."

MWANAHAWA: (anacheka) Alhamdulillahi!

SEFU: Mama karudi nyumbani, chakula cha usiku hakukigusa. "Sefu, katafute fundi bati." Nikamwambia, mama, hela niliyobaki nayo ni ya matumizi ya Makka, tutengeneze tukirudi. Akaniuliza, "Na nisiporudi?" Mimi nina jibu gani hapo? Fundi akaja, akafunga mfereji wa bati upande mzima, maji yakaelekezwa kwetu kwenye pipa. Ndipo mama akaanza kukunja nguo zake.

MWANAHAWA: Chuoni, kule madrasa, tulifundishwa, haki ya Mungu, Mungu mwenyewe husamehe, ila haki ya mja mpaka mja aridhike. Nimeikariri tangu mdogo. Fundi bati sikuwahi kumfikiria.

SEFU: Na kuna daftari.

MWANAHAWA: Daftari gani?

SEFU: Kila aliyesema "utuombee", mama alimuuliza, nikuombee nini? Akaandika. Si unajua, wengine wanasema "niombee" kama wanavyosema kwaheri. Sasa wakiulizwa, wanashtuka, wanafikiri. Kuna aliyetaka mtoto, kuna aliyetaka mtoto wake aache pombe, kuna mzee mmoja alitaka tu apate usingizi. Bi Pili alisema, "Mguu." Basi. Mguu. Wote pamoja wakafika 63.

MWANAHAWA: Na mama anaandika kwa hati ya Kiarabu, sivyo? Kama bibi zetu.

SEFU: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndiyo, kama alivyofundishwa chuoni. Hilo likumbuke, litarudi.

MWANAHAWA: Safari sasa.

SEFU: Safari ndefu lakini haina hadithi. Stendi ya Kange usiku, Dar alfajiri. Ihramu nilivalia Dar kabisa, zile shuka mbili zisizoshonwa, na nia tukaweka angani, rubani alipotangaza kwamba tunakaribia miqati, mpaka wa kuhirimia. Wanaume tumejaa ndegeni mabega wazi, kiyoyozi kinatupiga, tunasoma talbia huku meno yanagongana. Wanawake wako vizuri, wao wanahirimia kwa nguo zao za heshima za kawaida. Mama kajifunika kanga ananiangalia kwa huruma.

MWANAHAWA: Makka mkafikia wapi?

SEFU: Taasisi iliyotupeleka, siitaji, ilituambia hoteli iko hatua chache kutoka Msikiti Mtukufu. Hatua za nani? Kwa mwendo wa mama ni dakika arobaini. Lakini tusilumbane na mtu, nimeshahiji mie.

MWANAHAWA: Nataka ile ya kuiona Kaaba mara ya kwanza. Kila hujaji anasema alilia.

SEFU: Mimi nililia. Nilikuwa nimejiandaa, nimemshika mama mkono, nikamwambia inua macho. Akainua. Akatazama kitambo. Akaniambia, "Sefu, choo kiko upande gani?"

MWANAHAWA: (anacheka sana) Mama wa watu!

SEFU: Mtu wa miaka sabini na mbili, safari ya siku nzima! Nilimpeleka. Vyoo viko nje, na wewe uko katikati ya watu kama siafu. Tumerudi, ndiyo akaniambia, "Sasa niache niione." Akasimama hapo, mimi nikanyamaza. Kitu kimoja kilichomshangaza ni sakafu. Jua limewaka, yeye yuko peku, na chini pamepoa. Ni marumaru nyeupe kutoka kisiwa cha Thassos, Ugiriki, haishiki joto. Mama anakanyaga, anasimama, anakanyaga tena, kama mtoto kwenye maji ya ufukweni Raskazone.

MWANAHAWA: Twawafu alizunguka kwa miguu?

SEFU: Mizunguko miwili. Ya tatu goti likakataa, tukapanda ghorofa ya juu kwenye njia ya viti vya magurudumu, na huko mzunguko ni mrefu zaidi. Kisha sai, mwendo wa kati ya vilima vya Safa na Marwa, mara saba, jumla kama kilomita tatu. Nasukuma. Kwenye zile taa za kijani wanaume wanakwenda mbio kidogo, nami nikaenda mbio na kiti. Mama anapiga kelele, "Sefu, polepole, utaniua kwa Mungu!"

MWANAHAWA: Hajar alikimbia pale kwa ajili ya mwanawe. Wewe mtoto ndiye unamkimbiza mama.

SEFU: Usinilize mwanamke, kipindi bado kirefu. Lakini niseme ukweli ambao sikuwahi kumwambia mama. Mimi nilikwenda na orodha yangu. Nikhitimu msahafu, niswali tahajudi kila usiku. Robo yake sikufanya. Nilishika ndala. Nilitafuta maji. Nilipanga foleni ya chakula. Usiku ule niliopanga kuswali nilikuwa namkanda goti. Siku nyingine nikawa na kinyongo, wallahi. Nawaona vijana wenzangu wamekaa mbele ya Kaaba wanasoma, mimi nabishana na mtu wa viti.

MWANAHAWA: Hukumuuliza sheikh wa kundi lenu?

SEFU: Nilimuuliza. Akanijibu kwa swali: "Mama yako keshakula?"

MWANAHAWA: Haya. Tufike Arafa.

SEFU: Tarehe nane ya Dhulhijja tulihirimia upya, tukaenda Mina. Mahema meupe mpaka macho yanachoka, yote pacha. Mama alifunga kipande cha kanga kwenye kigingi cha kamba yetu ili tusipotee, na wakina mama wa mahema ya jirani wakawa wanaelekezana, "Baada ya kanga nyekundu." Huko Mina ndiko mtu alipokalia miwani yake. Paa! Kioo kimoja vipande, cha pili hakionekani.

MWANAHAWA: Yarabi. Na daftari?

SEFU: Ndiyo hapo. Arafa ilikuwa Alhamisi, tarehe 5 Juni. Na Arafa ndiyo hija yenyewe. Ukikosa vingine vipo vya kufidia, kisimamo cha Arafa ukikikosa huna hija. Joto lake si la Tanga. Hapa jasho linakung'ang'ania siku nzima. Kule hulioni, linakauka kabla halijatoka. Mama alifua kanga, kabla hajamaliza kuianika imekauka. Mwaka uliotangulia, 2024, joto pale Makka lilipita nyuzi 51, wakafariki mahujaji zaidi ya 1,300. Wengi wao hawakuwa na kibali, kwa hiyo hawakuwa na hema wala kiyoyozi cha kukimbilia. Kwa hiyo mwaka wetu mamlaka zikasisitiza, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni kaeni mahemani.

MWANAHAWA: Na vibali vinakaguliwa kweli?

SEFU: Kadi ya Nusuk, ile ya hujaji mwenye kibali, shingoni, kila kizuizi wanaiangalia. Wajomba na shangazi wanaoambiwa kwenye simu kuna njia ya mkato kwa viza ya matembezi, wasithubutu.

MWANAHAWA: Endelea. Mko hemani.

SEFU: Tumeswali adhuhuri na alasiri kwa kuziunganisha na kuzipunguza. Sheikh akatuambia, sasa kila mtu na Mola wake mpaka magharibi. Mama akatoa daftari, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Haoni. Akanipa. "Nisomee. Wewe soma, mimi naomba."

MWANAHAWA: Hati ya Kiarabu!

SEFU: Na hati ya mama! Kiarabu hakina p, anaandika kwa ba. Hakina v, anaandika kwa fa. O na u alama moja, e na i alama moja. Nasoma, "Fulani bin fulani, mwanawe aiwate bumbi." Mama kafumba macho anaitikia amina, kisha akafumbua jicho moja: "Pombe! Bumbi ndiyo nini?" Watu wa hema lote wakageuka. Kuna majina nimeyasoma siku ile hayajawahi kuitwa duniani. Nikimwambia mama hili silijui, ananijibu, "Soma tu. Mwenyewe anawajua."

MWANAHAWA: Yote 63?

SEFU: Yote. Tulianza saa nane, tukamaliza jua limelegea, tumetoka nje na wengine. Kuna mahali sauti ilinikauka. Ni yule mzee wa usingizi. Alifariki wiki ile tuliyoondoka, habari tuliipata kwa simu. Nikasita. Mama akaniuliza kwa nini umenyamaza, nikamtajia jina. Akasema, "Soma. Huko ndiko anakohitaji kulala vizuri."

MWANAHAWA: ...Mpishie kahawa mtu huyu. Hebu nivute pumzi.

SEFU: Yaliyobaki yanakwenda haraka. Jua lilipozama tukapanda basi kwenda Muzdalifa, mwendo wa kilomita tisa hivi, na tulikaa barabarani saa nyingi. Mama aliokota vijiwe vya kumpigia shetani akivikagua kimoja kimoja kama anachambua choroko. Wazee wanaruhusiwa kuondoka baada ya usiku wa manane, tukaondoka. Mina nikatupa saba zangu kwenye nguzo kubwa, nikatupa saba zake kwa uwakala, na siku mbili zilizofuata ishirini na moja kila siku, zangu kwanza, zake baadaye. Nikanyoa kichwa. Mama alikata ncha ya nywele, akaniuliza kama kichwa changu siku zote kilikuwa na umbo lile.

MWANAHAWA: (anacheka) Na mimi nilitaka kuuliza. Kurudi je?

SEFU: Kange walikuja na dufu. Mama akaitwa Hajati, akageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Nyumbani sasa, kazi ikawa maji ya Zamzam. Dumu tulilorudi nalo ni lita tano, na mtaa mzima uko mlangoni. Akachukua vikombe vya kahawa, kila mtu kikombe kimoja, na kila mmoja anauliza, "Ulinitaja?" Mama anajibu, "Nilikutaja." Mara akaingia Bi Pili, anachechemea. Mlango wetu huo hakuukanyaga miaka sita. Akakaa. Akauliza kama wenzake, "Ulinitaja?"

MWANAHAWA: Ehe.

SEFU: Mama hawezi kusema uongo na Makka ameivua jana. Akamwambia, "Mie sikuona, miwani ilivunjika. Alikutaja Sefu. Lakini alikusoma Bili."

MWANAHAWA: Ba badala ya pa!

SEFU: Nyumba nzima kimya. Bi Pili akanitazama mimi, akalitazama dumu, akamwambia mama, "Basi nitilie viwili. Kimoja cha Pili, kimoja cha Bili."

MWANAHAWA: (anacheka) Akapewa?

SEFU: Akapewa. Na cha tatu akakiombea mguu.